Gari dogo la spoti lawatia vijana wa Pwani wazimu, lakini mfuko je?

ILIKUWA Jumamosi alasiri katika njia panda ya Ukunda, pale barabara ya kwenda ufuo wa Diani inapoachana na ile ya Lunga Lunga. Vijana wa bodaboda walikuwa wameegemea pikipiki zao wakingojea abiria, mama mmoja alikuwa akiepua viazi karai, nami nimeketi kivulini na dafu langu mkononi. Mara likatokea gari jekundu, fupi, limelala chini kama paka anayevizia. Halikuwa na kelele nyingi. Lilipofika kwenye tuta lilipunguza mwendo, likalipanda kimshazari, polepole sana, kama mzee anayevuka mtaro akiwa amevaa kanzu nyeupe ya Idi. Kisha likashika njia ya baharini, likatoweka.

Msomaji, nakwambia biashara ilisimama. Dereva mmoja wa tuktuk alimwacha abiria wake akiwa ametoa noti mkononi, akakimbia hadi katikati ya njia kulitazama gari lile kwa nyuma. Watoto wa chuoni waliokuwa wakipita na juzuu zao walibaki vinywa wazi. Na mpwa wangu, ambaye ndiye aliyenialika dafu hilo (na ndiye aliyeniachia nililipie), alinishika mkono akasema kwa sauti ya mtu aliyeona mwezi wa Ramadhani:

"Mjomba, umeliona? Hilo ndilo nililokuwa nikikwambia!"

Alikuwa amenieleza kwa wiki tatu mfululizo. Kijana huyu ana umri wa miaka 24, amesomea mambo ya umeme katika chuo kimoja mjini Mombasa, na ana kazi ya mkataba katika hoteli. Mpango wake ulikuwa kwamba kipande cha shamba letu la minazi kule Msambweni kiuzwe, gari la namna ile liagizwe kutoka Japani, kisha likodishwe kwa maharusi na watalii wa Diani hadi pesa zirudi.

Asiyejua mila za Wadigo atauliza kwa nini ombi kama hilo liletwe kwangu na si kwa babake. Zamani kwetu urithi ulifuata upande wa mama, na mali ya mtu ilimwendea mwana wa dada yake. Sheria ya dini na ya serikali zimekwisha kubadilisha mengi, lakini mjomba bado ni mjomba. Mpwa akija na ombi huwezi kumfukuza kama unavyofukuza ndege kwenye mpunga. Kwa hivyo nilimwomba mwezi mmoja nilichunguze gari lenyewe, nijue kama ni gari kweli au ni homa ya vijana.

Si kupe wa ng'ombe

Gari hilo huitwa Toyota 86, na lina pacha wake aitwaye Subaru BRZ. Tofauti zao ni za sura ya mbele na vitu vidogo vidogo, lakini chini ya bodi ni gari moja. Toyota ilionyesha gari la mfano katika maonyesho ya Tokyo mwaka 1999? La, ni 2009. Mpwa wangu alinisahihisha mara mbili kabla halijaniingia. Gari kamili lilitolewa hadharani mwishoni mwa 2011 na kuanza kuuzwa mwaka 2012. Subaru ilichangia injini na kiwanda chake katika mkoa wa Gunma, nayo Toyota ikachangia umbo, utaalamu wake wa kunyunyiza petroli ndani ya injini na, tusifichane, mtandao wake wa kuuzia magari duniani kote. Kizazi cha pili, GR86 na BRZ mpya, kilitoka mwaka 2021.

Umbo lake, la milango miwili na paa linaloteremka kuelekea nyuma, Wafaransa waliliita kwa neno lao lenye maana ya kitu kilichokatwa, nasi tunalisikia likitamkwa 'kupe'. Kwetu kupe ni yule mdudu anyonyaye damu ya ng'ombe. Baada ya kuona hesabu za ushuru, ambazo nitazieleza baadaye, nilianza kufikiri kwamba huenda jina halikukosewa sana.

Nambari 86 nayo ina asili yake. Kati ya 1983 na 1987 Toyota iliuza aina ya Corolla ndogo ya milango michache, Levin na Sprinter Trueno, ambazo kiwandani zilijulikana kama AE86. Wakati huo Corolla nyingine zilikuwa zimeanza kuvutwa na magurudumu ya mbele, lakini hizi mbili zikaachwa na mtindo wa kale wa kusukumwa na magurudumu ya nyuma. Vijana wa Japani wakazipenda kwa kupanda nazo milima usiku. Ndipo wahandisi wa gari jipya, chini ya Bw Tetsuya Tada wa Toyota, walipolirudisha jina. Injini ya kwanza ya gari hili ina pistoni zenye upana wa milimita 86, na mwendo wa pistoni hiyo kwenda na kurudi ni milimita 86 vilevile.

Sasa sikiliza lililonishangaza. Nilidhani gari la spoti ni lile lenye nguvu za kutisha. Hili halina. Toleo la kwanza lina injini ya lita 2 na nguvu za farasi 200; la pili lina lita 2.4 na, kwa hesabu ya Japani, nguvu 235. Ziko Subaru za familia zenye turbo zinazopita Likoni kila siku zikiwa na nguvu zaidi ya hizo. Tena waliolitengeneza toleo la kwanza walilivisha matairi membamba ya aina iliyowekwa hata kwenye Toyota Prius, gari la kubania petroli! Walifanya hivyo makusudi. Hawakutaka gari liambatane na lami kama gundi. Walitaka dereva alisikie likianza kuteleza angali katika mwendo wa kawaida, ajifunze kulirudisha.

Siri yake ni uzani. Toleo la kwanza lina kilo 1,200 na ushei, na la pili halikuongezeka sana, ilhali Prado moja ya wakubwa wa ofisini ina tani mbili na zaidi. Gari jepesi halihitaji nguvu nyingi kuondoka, halihitaji breki kubwa kusimama, na likipinda kona halimvuti dereva kama ng'ombe aliyekata kamba.

Mkokoteni wa Marikiti

Wengi husikia habari ya magurudumu ya nyuma na kuitikia kwa kichwa bila kuelewa. Mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wao. Kisha siku moja, nikiwa Marikiti mjini Mombasa, niliwaona hamali wawili na mkokoteni uliojaa magunia ya viazi, nikaelewa.

Mmoja alikuwa mbele ameshika mti, mwingine nyuma akisukuma. Yule wa mbele hakuwa na kazi ya kuvuta; kazi yake ilikuwa kuelekeza tu. Kwa hivyo mkokoteni ulikata kona za Marikiti, kati ya wapiti njia na vikapu vya nyanya, kwa wepesi wa ajabu. Mbele kidogo alikuwako hamali mwingine peke yake, anavuta na kuelekeza kwa wakati mmoja. Kila alipotaka kukata kona, nguvu zilimwishia kwenye kuvuta, na mkokoteni ukawa unataka kwenda moja kwa moja.

Hiyo ndiyo tofauti. Katika magari mengi madogo ya siku hizi magurudumu ya mbele hufanya kazi zote mbili, kama yule hamali wa peke yake. Mtindo huo ni wa bei nafuu kutengeneza, unaacha nafasi kubwa ndani, na kwenye mvua humlinda dereva mgeni. Katika 86 nguvu hupita kwenye propela chini ya gari hadi kwenye difu ya nyuma, na magurudumu ya mbele huachiwa usukani tu.

Lakini subiri. Yule hamali wa nyuma akisukuma kwa pupa wakati mwenzake anapinda, mkia wa mkokoteni hutupwa nje na magunia humwagika. Na gari ni hivyo hivyo. Ndio utelezi wa mkia ambao vijana huuita 'drifti', na ambao kwenye lami iliyolowa, mbele ya mtu asiyejua, hauna mchezo hata kidogo.

Jambo jingine ni injini. Katika gari nyingi pistoni husimama wima. Katika hili zimelala ubavuni, mbili upande huu na mbili upande ule, zikirushiana kama ngumi za mabondia. Kwa hivyo injini hukaa chini. Nahodha yeyote wa jahazi atakwambia kwa nini jambo hilo ni jema: shehena nzito hupangwa chini ngamani, si juu ya sitaha, chombo kisije kikapinduka kikipigwa na wimbi la ubavu.

Na kama unafikiri hujapata kupanda gari la kusukumwa kutoka nyuma, fikiri tena. Matatu ya HiAce iliyokuleta Ukunda husukumwa kutoka nyuma. Tuktuk iliyokufikisha ufuoni husukumwa kutoka nyuma. Peugeot 504 iliyowapeleka wazazi wetu bara enzi zile ilikuwa hivyo pia.

Wazee waliyajua haya

Mpwa wangu alizungumza kana kwamba gari jepesi la bei ya wastani lilibuniwa siku aliyozaliwa yeye. Ikabidi nimkalishe nimpe historia.

Mbio za Safari zilianza mwaka 1953, zikiitwa Coronation Safari kwa heshima ya kutawazwa Malkia Elizabeth wa Pili. Kwa miaka mingi zilikimbiwa wakati wa Pasaka, wakati wa masika, na matope yake yalikuwa sehemu ya mashindano. Mwaka 1971 gari lililoshinda lilikuwa Datsun 240Z, likiendeshwa na Edgar Herrmann akiwa na Hans Schüller. Hilo 240Z lilikuwa nini? Lilikuwa kupe la milango miwili, la kusukumwa na magurudumu ya nyuma, lenye silinda sita, na lililopata umaarufu kwa kuuzwa kwa bei ambayo mfanyakazi wa kawaida Marekani aliweza kuimudu ilhali magari ya spoti ya Ulaya yalikuwa ya matajiri. Ni babu yake 86 hasa kwa tabia, hata kama si wa ukoo mmoja. Gari lile lile lililoshinda mwaka 1971 bado limehifadhiwa na kampuni ya Nissan huko Japani.

Mwaka 1973 likashinda tena, safari hii mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyehamia Kenya baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972. Mehta baadaye alishinda mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, akiendesha Datsun nyingine, nayo ya magurudumu ya nyuma. Halafu zikaja Toyota Celica, kupe pia, zilizosukumwa na magurudumu ya nyuma na kusaidiwa na turbo. Zilishinda 1984, 1985 na 1986, kwa Björn Waldegård, Juha Kankkunen, kisha Waldegård tena. Baada ya hapo magari ya mvuto wa magurudumu manne yakatwaa uwanja, na hadithi ikageuka.

Huyo Waldegård hakuchoka. Mwaka 2011, akiwa mzee wa kucheza na wajukuu, alirudi na kushinda mashindano ya magari ya kale, yaani Safari Classic, katika Porsche 911, na aliyekaa kando yake kumsomea njia alikuwa mwanawe Mathias. Alifariki mwaka 2014. Nilipomweleza mpwa wangu habari hiyo alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi na sisi twaweza, Mjomba. Mimi niendeshe, wewe usome njia." Nilimwambia asome kwanza hesabu.

Dongo Kundu hadi Kwale

Ninaye rafiki mjini Mombasa aliye na Subaru BRZ ya kizazi cha kwanza. Alikubali kunichukua Jumapili moja asubuhi, kwa masharti kwamba nisipande na viatu vyenye mchanga.

Hatukupitia Likoni. Tangu barabara ya Dongo Kundu ikamilike, mtu wa Mombasa anaweza kwenda Kwale bila kukanyaga feri: unatoka Miritini, unavuka daraja la Mwache na lile refu la Mteza, unaibukia Kibundani. Mwenye gari la chini kama hilo ana sababu zaidi ya kuipenda njia hiyo, kwani tumbo la gari liko sentimita 13 tu kutoka ardhini, na ule mteremko wa kuingilia feri maji yakiwa yametoka ni mtihani kwa bampa.

Kuingia ndani ni kushuka, si kupanda. Unateleza kwenye kiti kama mtu anayeingia kwenye dau, magoti mbele, na matako yako yanapita karibu na lami kuliko unavyopenda. Kwenye daraja la Mteza upepo wa kusi ulikuwa ukivuma, mikoko chini ikimetameta, na mwenye gari akaendesha kilomita 80 kwa saa, basi. Nilikuwa nimejiandaa kwa mbio. Nikaona haya kuwa nimefunga mkanda kwa hofu kiasi kile.

Raha ilianzia Kombani. Hapo unaiacha barabara kuu na kupinda kulia kuupanda mlima kwenda Kwale, mji ulio karibu mita 400 juu ya bahari. Barabara inajipinda kati ya mikorosho na minazi, hewa inapoa kila unapopanda, na ukigeuka nyuma unaiona bahari imetandikwa chini kama shuka ya buluu. Rafiki yangu aliweka gia ya tatu. Hatukuzidi 60. Lakini kila kona ilikuwa tukio: usukani unageuzwa kidogo tu na pua ya gari imeshaelekea, kisha mguu wake unakanyaga mafuta taratibu na unahisi kiunoni mwako, si machoni, jinsi nyuma inavyosukuma. Nimepanda magari makubwa yaliyokwenda kasi mara mbili ya ile huku nikisinzia. Katika hili, kwa mwendo wa matatu iliyojaa, nilikuwa nikitabasamu peke yangu kama mtu aliyeingiwa na shetani mzuri.

Tulipofika juu, karibu na msitu wa Shimba ambako palahala wa mwisho wa Kenya wanaishi, alisimamisha gari na kuniuliza kama nataka kujaribu. Nilijaribu. Nilizima injini mara mbili kwa kuachilia klachi vibaya. Mara ya tatu likaondoka, na nililiendesha hadi mjini Kwale na kurudi. Sitasema zaidi ya hapo, isipokuwa kwamba mpwa wangu hakuwa na homa. Gari ni gari.

Hesabu za bandarini

Basi tuje kwenye neno 'nafuu'. Huko Marekani, lilikouzwa kwanza kwa jina la Scion FR-S, gari hilo mwaka 2012 lilianzia chini kidogo ya dola 25,000. Japani toleo la chini kabisa lilianzia yen milioni 1.99. Kwa gari la spoti jipya hizo ni bei za kirafiki. Tatizo ni kwamba urafiki huo huishia Kilindini.

Kwanza, Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwa hivyo zile za 2012, ambazo huko Japani sasa ni za bei ya chini, haziwezi kuja tena; zilizoko hapa ziliingia zamani na wenyewe hawataki kuzitoa. Anayeagiza leo ataangukia za miishomiisho ya kizazi cha kwanza, au cha pili.

Pili ni ushuru. Mamlaka ya Ushuru haitazami bei uliyopatana na Mjapani. Ina orodha yake ya bei za magari mapya, na kutoka hapo hupunguza kulingana na umri wa gari. Tuseme baada ya kupunguza wameona gari lina thamani ya Sh2 milioni. Kwa viwango vya mwaka 2025, ushuru wa forodha ni asilimia 35, yaani Sh700,000. Juu ya jumla hiyo, kwa kuwa injini imezidi 1500, kuna ushuru wa bidhaa wa asilimia 25: Sh675,000. Juu ya jumla mpya, VAT ya asilimia 16: Sh540,000. Ongeza ada ya tamko la uagizaji ya asilimia 2.5 na tozo la reli la asilimia 2, zote za thamani ile ya kwanza: Sh90,000. Ukijumlisha utapata Sh2,005,000. Kodi imelipita gari lenyewe! Na hapo hujalipa meli, wakala wa kutoa mzigo, bima wala nambari.

Kisha petroli. Injini hiyo hugandamiza hewa kwa uwiano wa 12.5 kwa 1 na inataka petroli ya daraja la juu, si ya kubahatisha kwenye chupa za kando ya barabara.

Mpango wa maharusi nao niliuchunguza, kwani sikutaka kumkatalia kijana kwa maneno matupu. Nilimwuliza: bibi harusi atakaa mbele, sawa. Somo wake je? Viti vya nyuma vya gari hilo vinamtosha mtoto wa darasa la tatu au mkoba wa kompyuta. Waliolibuni walijisifu kwamba ukilaza viti hivyo unaweza kupakia magurudumu manne ya akiba kwa ajili ya mashindano, lakini sijawahi kuona somo wa Kidigo akilazwa pamoja na magurudumu. Na mtalii anayekuja Diani hukodi tuktuk kwenda sokoni, au gari la juu kwenda Shimba kutazama ndovu. Akitaka gari la chini analo kwao.

Kijana alikaa kimya muda mrefu. Akasema, "Basi nilikuwa nalitaka mwenyewe tu, Mjomba." Nikamwambia hilo ndilo jibu la kwanza la kweli alilonipa tangu tuanze.

Mbega na watoto wa shule

Liko jambo moja ambalo sikulipata kwenye hesabu, na ndilo lililonikosesha usingizi zaidi. Gari la namna hii likinunuliwa litaendeshwa wapi?

Barabara ya ufuo wa Diani imenyooka, ina kivuli, na usiku humshawishi kijana. Lakini juu yake zimetandazwa ngazi za kamba kutoka mti hadi mti. Mgeni hudhani ni mapambo. Ziliwekwa na shirika la kuwahifadhi mbega lililoanzishwa hapo Diani mwaka 1997 kwa jina la Wakuluzu, kwa sababu mbega walikuwa wakigongwa na magari kila walipovuka kutafuta majani. Mbega wamepata daraja lao. Watoto wanaotoka shule saa kumi, wapanda baiskeli wanaopeleka mkate, na akina mama wa samaki wa Gazi na Msambweni hawana ngazi ya kamba. Wao huvuka chini. Ndiyo maana matuta ni mengi, na ndiyo maana mimi, ambaye nilikuwa nikiyalaani, nimeacha.

Huko Kiambu hufanyika shindano la magari kupanda mlima, Kiamburing TT, ambapo barabara hufungwa na kila mmoja hushindana na saa, si na mwenzake. Natazama ule mlima wa Kombani hadi Kwale na kujiuliza kwa nini kaunti yetu isiufunge Jumapili moja kwa mwaka, asubuhi mapema, na ambulansi imesimama chini na nyingine juu. Hoteli zingepata wageni wakati wa msimu mbaya. Vijana wangepata mahali. Sisi wazee tungeketi kwenye mikorosho na kahawa chungu tukipiga kelele bure.

Chini ya mwembe

Wiki mbili zilizopita tulikwenda Msambweni kuangua nazi. Nyuma ya nyumba ya marehemu baba, chini ya mwembe, kuna Toyota Corolla DX yake, rangi ya maziwa, ambayo haijasogea kwa miaka. Kiti cha nyuma kilikuwa kiota cha kuku. Sijui mpwa wangu alikuwa akitafuta nini, lakini nilimwona amelala chali mchangani, kichwa kimezama chini ya gari, miguu tu nje. Kisha nikasikia ukelele:

"Mjomba! Lina propela!"

Nilijua lina propela. Nilijifunzia udereva ndani yake. DX ni ya kizazi cha Corolla kilichotangulia zile za 1983, na mifupa ya AE86 aliyokuwa akiniimbia ilitoka humo humo: injini mbele, difu nyuma, uzito usiofika tani moja. Injini yake ni ya 1300 tu na haina makuu. Alitoka chini ya gari amejaa mchanga masikioni, akaizunguka mara tatu, akaipapasa bodi kama mtu anayemtambua jamaa aliyepotea.

Shamba halijauzwa. Kuku wamehamishiwa kwenye banda, ingawa mmoja hataki na hurudi kila jioni. Juzi aliniambia kwenye simu kwamba injini inazunguka kwa mkono, breki zimekufa zote, na sakafu upande wa dereva ina tundu unaloweza kupitisha embe. Akauliza kama namfahamu fundi wa kabureta asiyekuwa mwongo. Nilimpa namba ya mzee mmoja wa Likoni. Kisha akakohoa kidogo, kikohozi ninachokijua tangu akiwa na miaka sita, na kabla hajasema nikamwuliza wota pampu ni pesa ngapi.